Wacha Mbwa Nyumbani, Peleka Mtoto Kilimambogo

Wasee, kuna aina ya video imejaa kwa simu zetu siku hizi. Baba Mmarekani, mtoto wa miaka kumi hivi, jaketi za rangi ya chungwa, msitu, alfajiri. Wamelala kwa hema, wanakunywa kitu moto, mtoto anafundishwa kunyamaza na kusubiri, na mwishowe wanapata kulungu. Maelezo ya chini yanasema ni ardhi ya umma, gharama ni kidogo, mtoto amefurahi. Halafu unashuka kwa komenti na unapata majirani zetu. "Hata sisi tunaweza." "Huku Gatuanyaga hauhitaji bunduki, ni mbwa watatu na panga." "Jumamosi tunatoka na vijana wadogo, nani yuko fom?"

Niko na maoni juu ya hiyo fom na nitayasema bila kuzunguka. Usiende, na zaidi ya hapo, usimpeleke mtoto wa mtu. Lakini sitaishia hapo kama vile wazee huishia, "ni makosa, basi." Kwa sababu kuna kitu kwa hiyo video ambacho mnakitamani kwa haki kabisa, na ni kitu ambacho tumenyimwa huku tukiwa tunakiangalia kila asubuhi dirishani.

Tuanze na sheria, maana wengi wanabahatisha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977. Mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na vitu vya aina hiyo ikafungwa pia. Hakuna leseni unaweza kwenda kuomba ofisini ili uwinde swala na mtoto wako wikendi. Haiko. Na usiniambie "mimi siuzi, ni kitoweo tu." Sheria ya wanyamapori iliyopitishwa mwaka 2013 ilitaja hata mtu anayewinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani: faini isiyopungua shilingi 30,000 au jela isiyopungua miezi 6, ama zote mbili. Kwa anayewinda ili auze nyama, faini ilianzia 200,000. Na haijalishi kama huyo sungura ama paa ulimpata kwa kichaka cha kando ya mto, mbali na mbuga. Mnyamapori wa Kenya ni wa umma hata akiwa kwa shamba la mtu binafsi.

Kwa hivyo ile Jumamosi ya bei rahisi na mbwa watatu inaweza kuishia kwa mathe wa mtu anachangisha pesa za faini kwa grupu ya familia. Na wa kwanza kushikwa huwa ni yule mdogo, asiyejua kukimbilia wapi.

Sasa rudi kwa ile video na uiangalie vizuri. Kwanza, huyo kulungu mwenye pembe za matawi hayuko Kenya. Bara lote la Afrika lina aina moja tu ya asili, na anaishi kaskazini kabisa, Algeria na Tunisia. Sisi tuko na swala, pongo, paa na wenzao. Pembe za kulungu huanguka na kumea upya kila mwaka, za pongo ni zake za maisha. Si jambo kubwa, lakini ni aibu kijana wa Thika kujua mnyama wa Montana na hajui pongo anayelala kilomita chache kutoka kwao.

Pili, na hii ndiyo muhimu, huyo mtoto hajaingia msituni ovyo ovyo. Baba yake amelipia leseni. Kuna msimu, na majimbo mengi yana siku maalum za watoto. Kuna idadi ya wanyama ambayo hawezi kupita. Tangu mwaka 1937 kuna sheria kule inayotoza kodi bunduki na risasi, na hizo pesa zinarudi kwa utunzaji wa wanyama. Na juu ya yote, ile ardhi wanayokanyaga ni ya umma, na huyo mtoto anakua akijua hivyo. Haombi ruhusa ya tajiri yeyote. Anaingia na baba yake, na kiatu chake cha kawaida, na hakuna mtu anamuuliza kama yeye ni mtalii.

Hicho ndicho kitu mnachotamani. Toa bunduki kwa hiyo video, toa damu, na bado inabaki na kitu kizuri: mzazi ana siku moja na mtoto wake, nje, kwa ardhi ambayo ni yao. Hiyo ndiyo tunapaswa kuipigania. Mbwa na panga havitatupa.

Na hapa historia ina kejeli yake, kwa sababu baba na kijana wake walishawahi kuja kuwinda hapa hapa kwetu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa na kijana wake Kermit aliyekuwa na miaka 19. Walikaa Juja, kwa ranchi ya tajiri anaitwa William Northrup McMillan, mtu wa St. Louis. Kabla safari yao ya Afrika iishe mwaka 1910, hao wawili waliua wanyama wakubwa 512 kwa hesabu yao wenyewe. Baba 296, kijana 216. Vielelezo vikapelekwa kwa makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

Na ni huyo huyo Roosevelt ambaye akiwa rais alitenga karibu ekari milioni 230 za ardhi ya umma nchini kwake. Yaani ile misitu ambayo mtoto wa video anatembea, sehemu yake ni kazi ya huyu mzee. Kwao alitunza. Kwetu alikuja kuwinda kwa shamba la rafiki, wakati guka zetu walihitaji karatasi ya mkoloni ili wamguse mnyama ambaye mababu zao walimla miaka yote. Mkamba mwenye upinde aliitwa jangili. Mzungu mwenye wapagazi mamia aliitwa mwanamichezo. Sisemi hivyo ili tulipize kisasi kwa sungura wa Munyu. Nasema ili ujue kwamba "kuwinda na mtoto kwa bei rahisi" haikuwahi kuwa yetu tangu sheria ianze kuandikwa. Walioonja ni wachache, na walikuwa na pesa.

McMillan alikufa mwaka 1925 na akazikwa mlimani. Mlima gani? Huo huo unaouona ukisimama barabara ya Garissa na kuangalia kusini mashariki. Ol Donyo Sabuk kwa Kimaasai, mlima mkubwa. Kilimambogo kwetu, mlima wa nyati. Uko na mita 2,145 juu ya bahari. Ulikuwa ndani ya ardhi yake, na mwaka 1967 ukawa mbuga ya taifa.

Sasa fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 62. Mbuga za taifa zimetajwa pale kwa jina kama ardhi ya umma. Serikali ya taifa inazishikilia kwa niaba ya watu wa Kenya. Kwa niaba yako wewe. Kwa niaba ya huyo mtoi wa darasa la nne pale Gatuanyaga, ambaye anauona huo mlima kila siku akienda shule na hajawahi kufika getini.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Nimeuliza watoto wa mtaa wetu, mmoja mmoja: umewahi kupanda Kilimambogo? Wengi wanacheka. "Kule ni kwa watalii." "Kule kuna simba." Hakuna simba kule. "Kule unalipa kwa dola." Mkenya halipi kwa dola. Wametoa wapi haya mambo? Kwetu sisi wakubwa, ambao pia hatujawahi kwenda. Tumefanya mlima wa umma uwe picha ya nyuma ya selfi zetu, halafu tunashangaa mtoto akikua anaona mnyama ni nyama tu.

Najua mtanijibu nini, kwa hivyo tujibizane hapa hapa.

Wa kwanza atasema: "Marufuku ya 1977 haikusaidia, wanyama wameisha tu." Ana pointi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Joseph Ogutu na wenzake ulionyesha kwamba kwa maeneo ya malisho ya Kenya wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Hiyo ni namba ya kutisha, na mtu wa KWS asijifanye haioni. Lakini waliisha kwa nini? Watu na mifugo wameongezeka, ua zimejengwa, mashamba yamekatwa vipande, na ujangili wa nyama ukaendelea. Mtego wa waya ni sehemu ya hiyo hesabu. Mbwa wako watatu pia. Hauwezi kusema nyumba inaungua kwa hivyo acha na mimi nilete kiberiti. Ukitaka nchi ijadili upya kama uwindaji wa leseni urudi, huo ni mjadala halali. Mwaka 2004 bunge lilipitisha mswada wa kubadilisha sheria ya wanyamapori, wengi wakaona unafungulia uwindaji mlango, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Peleka hoja yako huko. Usiipeleke kwa kichaka na mtoto wa jirani.

Wa pili atasema: "Guka yangu aliwinda na alikuwa mtu mzima wa heshima." Nakubali. Lakini guka wako alijua ni mnyama gani ana mimba na ni mwezi gani wa kumwacha. Alisoma nyayo. Wewe unaweka waya kwa njia na kwenda kulala. Mtego wa waya hauchagui. Unashika mama, unashika mbwa wa mtu, unashika mguu na kumwacha mnyama akivuta siku mbili. Kama unataka kumuenzi guka, anza na ile sehemu ngumu aliyoijua, ambayo ni kusoma ardhi. Hiyo hakuna sheria inaikataza.

Wa tatu, na huyu ndiye namsikia sana, atasema: "Kwenda kuangalia tu inaboo." Buda, umewahi kujaribu kumuona pongo? Ni mnyama wa vichaka, anasimama tuli hadi unampita. Dume ni mweusi mweusi, pembe zimejipinda. Jike ni mwekundu wa kahawia na ana madoa meupe. Akishtuka anabweka kama mbwa, na mtoto ambaye hajawahi kusikia hiyo sauti ataruka. Kumpata kwa macho, kabla yeye hajakupata, ni kazi zaidi ya kumwachilia mbwa amkimbize. Asilimia kubwa ya video unayoipenda ni kutembea, kunyamaza na kutafuta. Risasi ni sekunde moja.

Sasa mpango, kwa sababu maoni bila mpango ni kelele.

Tafuta mbogi. Usiende peke yako na mtoto mmoja. Wazazi wawili watatu, ama kaka na dada wakubwa, na watoto sita hadi kumi. Sababu ni pesa: kiingilio ni kwa kila kichwa, na mtoto hulipa chini ya mtu mzima, lakini askari wa kuwasindikiza hulipiwa kwa kundi. Mkiwa kumi, hiyo gharama inagawanyika hadi mtu haisikii.

Bei ya geti angalia mwenyewe eCitizen wiki hiyo hiyo, na lipa huko huko kwa simu. KWS hawachukui pesa taslimu, kwa hivyo usifike na noti mkononi na watoto nyuma yako. Beba kitambulisho, ndicho kinakupa bei ya Mkenya.

Njia ni rahisi. Kutoka Thika shika mat ya barabara ya Garissa, shuka Kilimambogo, halafu mat nyingine ama nduthi hadi mji wa Donyo Sabuk ng'ambo ya mto Athi. Geti haliko mbali na hapo. Watoto wasibebwe watatu kwa nduthi moja, tafadhali. Kama mko wengi, kodi mat moja ya kwenda na kurudi na mgawane.

Chagua mwezi. Januari na Februari ni kukavu. Likizo ya Agosti kuna baridi na ukungu asubuhi, lakini kunapitika. Mvua za Aprili na Novemba zinageuza barabara kuwa tope, achana nazo. Fika mapema, saa moja ama saa mbili asubuhi, kabla jua likolee na wanyama wajifiche.

Usilazimishe kilele. Kutoka getini hadi juu ni karibu kilomita 9, na ni kupanda. Kijana wa miaka 14 ataweza. Wa miaka 7 atalia kilomita ya tatu na siku itaharibika. Amueni kabla ya kuanza: wadogo wanaishia mahali pa kwanza pazuri pa kuangalia bonde, wakubwa wanaendelea na askari, hadi kwa kaburi la McMillan au juu kabisa. Siku ya anga safi, kule juu unaona Mlima Kenya upande mmoja, na kwa bahati Kilimanjaro upande ule mwingine.

Askari si pambo. Huo mlima umeitwa wa nyati kwa sababu nyati wako. Nyati dume aliyetengwa na kundi hana mchezo. Mkiambiwa simameni, simameni. Mkiambiwa nyuma, nyuma.

Wape watoto kazi ya mwindaji. Kila mmoja na daftari na penseli. Nani atapata nyayo za kwato iliyopasuka katikati? Nani atapata mwiba wa nungunungu? Kinyesi cha nyati kikiwa kibichi kinamaanisha nini? Nani wa kwanza kumuona mbega, yule wa nyeusi na nyeupe mwenye mkia mrefu? Upepo unatoka wapi, na kwa nini mwindaji anauliza? Mwiba ukipatikana, chora, halafu uuache hapo hapo. Aliyepata vingi anachagua wimbo wa kurudi nao kwa mat.

Chakula ni cha nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji mengi. Fungeni ndani ya begi, maana nyani wa pale wanajua sauti ya karatasi kukunjuka. Takataka zote mrudi nazo.

Mkitaka kupitia Fourteen Falls mkirudi, ni karibu. Lakini yale maji ni ya kuangalia. Athi inabeba uchafu wa Nairobi, mawe yanateleza, na watu wamekufa pale. Mtoto asiogelee.

Hiyo ndiyo siku yenu. Hamtarudi na nyama. Mtarudi na watoto wamechoka, magoti machafu, wakibishana nani alimuona pongo kwanza.

Na sasa sehemu ya wenye ofisi, kwa sababu sitaki mzigo wote ubaki kwa mzazi ambaye analipwa kwa siku. KWS wameshawahi kufungua mageti bure kwa siku moja, kwa hivyo inawezekana. Basi mfanye iwe desturi: kila likizo ya shule, siku moja bure kwa watoto wa kata zinazozunguka mbuga, Kiambu na Machakos zote. Hao ndio mtaomba waripoti mitego ya waya. Hao ndio watatafutwa na mtu wa nyama kesho, kwa elfu moja, waonyeshe njia za paa. Ni afadhali nani afike kwanza? Mtoto aliyepelekwa getini akiwa na miaka tisa, akapewa daftari na askari akamjua kwa jina, ni mgumu kununuliwa akiwa na kumi na tisa.

Kaunti, mna basi. Shule, mnapeleka darasa la nane Mombasa kwa pesa ambazo nusu ya darasa haina, na mlima uko hapo. Makanisa, mna vijana na mna Jumamosi. Na sisi tunaotengeneza video, tuache kuposti ule mlima kwa mbali na maneno ya mahaba. Ingieni. Pigeni picha ya mtoi na nyayo ya nyati. Hiyo nayo itazunguka.

Kwa yule msee wa "nani yuko fom": mimi niko. Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa kumi na mbili na nusu, steji ya Thika. Leta wale vijana wadogo uliotaka kuwapeleka kichakani. Leta daftari na kiatu cha kufunga kamba. Mbwa wabaki wakilinda boma.